Minazi ya Mwanasaumu na Diwani Mpenda Watu

Bi Mwanasaumu wa Mtongwe, upande wa Likoni, alikuwa na minazi thelathini na mmoja na hakuwa na ardhi hata shubiri. Kwetu hilo si ajabu. Ardhi ilikuwa ya kina Badi, waliohamia kisiwani zamani; babake alipanda kwa ruhusa yao, na aliyepanda ndiye mwenye mti. Nyumba yake ilikuwa katikati ya minazi hiyo. Aliuza nazi, akasuka makuti, na tangu afiwe na mumewe hakumwomba mtu chumvi.

Mwaka 1961 Ishaka, karani wa kivuko, aligundua kwamba anawapenda maskini. Akavaa miwani asiyoihitaji, akaingia chama kimoja, akahamia cha pili, na kila mkutano akaahidi hati ya ardhi kwa kila mkaazi. Tukampa udiwani. Tulipiga na makofi.

Februari 1963 baraza la kusikiliza madai ya ardhi liliketi shuleni. Afisa Mzungu aliuliza, Ishaka akatafsiri.

"Ardhi hii ni yako?"

"La, bwana," alijibu Mwanasaumu. "Ardhi ina wenyewe. Yangu ni minazi, nimeirithi kwa baba."

Maneno yote hayo Ishaka aliyatafsiri kwa neno moja: la. Fomu ya serikali ilikuwa na nafasi ya jina, mipaka na ukubwa wa shamba; ya mti haikuwamo. Karani wa baraza akaandika kwamba mama huyu hana dai. Ishaka, mwana wa Mtongwe, aliyeijua desturi yetu kabla hajajua kuvaa suruali, alitazama dari.

Nje, jirani yake Mwanasaumu, Nyamvula, alimshika mkono. "Shoga, si ungesema yako tu! Wenzio wote wamesema yao."

"Niape uongo juu ya ardhi ya watu? Wallahi siwezi."

"Haya, ezekea ukweli wako, tuone kama hauvuji."

Mwezi wa Agosti kina Badi waliuza shamba. Mnunuzi alikuwa diwani wetu mpenda maskini, na alikuja na mpima ardhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, maendeleo yamefika. Tutajenga nyumba za wageni hapa, kama kule Shelly Beach. Barazani umeandikwa huna kitu, lakini mimi nina huruma. Kaa mpaka Uhuru upite. Tukishakata miti, kuni zote ni zako."

"Uhuru wa nani huo, Ishaka?"

"Wetu sote, mama!"

"Na fungu langu ni kuni."

Diwani alicheka, akadhani ni mzaha.

 Ijumaa ya wiki hiyo, baada ya sala, Mwanasaumu alimwita imamu, Mwalimu Jumaa, na mbele ya mashahidi wanne akaitoa minazi yote wakfu wa msikiti. Hati niliiandika mimi, mti kwa mti. Nilimuuliza kwa nini asibakishe hata mitano. Akasema, "Ukibaki mmoja, ataingilia hapo."

Ishaka alikuja mbio, miwani mkononi. "Mama, umenifanyia nini?"

"Mimi? Sina dai. Waulize wenye minazi, wako msikitini."

Hakuwauliza. Mtu anayeswali safu ya mbele ili aonekane hawezi kutia shoka mali ya msikiti. Ijumaa iliyofuata alisimama akamshukuru Mungu kwa kumjaalia fikra ya kumshauri mama huyu atoe wakfu. Watu wazima, wenye ndevu, wakaitikia amina.

Desemba bendera ilipandishwa, na wiki hiyohiyo mkwezi wa msikiti alikuja kuangua. Mwanasaumu alisimama mlangoni mpaka akamaliza kufunga magunia. Kisha akamwomba nazi mbili za kupikia wali. Mkwezi akamwambia angoje kwanza akamuulize imamu.