Mbio za Kuzunguka Dunia Bwawani Elburgon

Enzi zetu kule Elburgon, bahari tuliijua kwa kuisikia redioni tu. Redio yenyewe ilikuwa ya babake mwenzetu Jasi, Kalasinga mwenye kiwanda cha mbao, na jioni moja ilitangaza kwamba kuna wanaume wanaoshindana kuizunguka dunia kwa mashua, kila mmoja peke yake, bila kutia nanga wala kusaidiwa. Nilipomsimulia, Mama aliweka sufuria chini. "Peke yake? Kwani hao hawana watu?"

Sisi watoto tulipagawa! Kesho yake tulikuwa kwenye bwawa la kiwanda tukipigilia mabanzi misumari tuunde mashua za kupanda, matanga yetu magunia ya unga, nywele zimejaa vumbi la mbao. Jasi akajifanya refa. Babake akaahidi kwamba mshindi wa kulizunguka bwawa angepanda mbele kwenye lori la mbao hadi Nakuru, akaone ziwa. Mungu wangu! Mimi sikuwa nimewahi kuona maji ambayo ng'ombe hawezi kuyavuka. Nililitaka ziwa lile kuliko nguo ya Krismasi.

Siku ya mashindano upepo wa msitu wa Mau ulinipenda. Nilimwacha Kiprono, mtoto wa jirani, nyuma kabisa, nikaanza hata kuimba. Ndipo nikafika pale ukingoni nyanya yangu, Shosho, alipokuwa akifua.

"Wewe Njeri! Unanipita tu hivyo?"

Ungefanya nini? Nilishuka, maji magotini, nikampa mkono. Naye hakuuachilia. "Mama aliamkaje? Na ile mbuzi ilizaa? Umekula?" Nikiwa na kiazi kitamu mdomoni, Kiprono akapita akipiga mbinja.

"Huyo ni wa nani, hasalimii watu?"

"Ni bingwa wa dunia, Shosho," nikasema, nikaangua kilio.

Kiprono akaenda Nakuru mbele kwenye lori. Alirudi akisema ndege wamejaa ziwani hadi maji yamegeuka rangi ya waridi. Nikamwita mwongo, kwa wivu tu.

Siku hizi wajukuu wangu wanaizunguka dunia kutwa kwa kidole, kila mmoja na simu yake, bila kutia nanga. Nikianza habari za bwawa wananiambia, "Shosh, hiyo ni zilizopendwa!" Nacheka nao. Kisha wananipita sebuleni, masikio yameziba, kila mtu mbio zake. Nami nimekaa hapa kwenye kochi, viazi vitamu vimeiva, nangoja mmoja wao ashuke anipe mkono.