Koti Lisilochukuliwa

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na pesa ikimfika mkononi inamwasha kama upupu. Anadaiwa na muuza vitambaa, anadaiwa kodi ya nyumba, na bado watu wanachukua nguo kwake kwa mkopo kwa sababu hajui kusema hapana.

Mwaka jana aliugua akakosa hata nauli ya hospitali. Alipopona, akaanza kuweka akiba: kila Jumamosi noti moja, anaishonea ndani ya bitana ya koti ambalo mteja alilileta kurekebishwa, asirudi miaka mitatu.

"Humo sitadokoa," aliniambia. "Nguo ya mtu siifumui ovyo."

Jana mwenye koti akatokea. Shangazi akainuka, akakaa, akainuka tena, mkasi ukamponyoka.

"Ngoja nikaze kifungo, baba. Njoo kesho."

"Liko sawa, mama." Yule bwana alishalishika kola. "Ila leo sina kitu. Nitakulipa mwisho wa mwezi."

Shangazi akalipokonya, akalikumbatia kifuani.

"Hapa hatukopeshi! Hatujawahi kukopesha!"

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja wanne, na wote anawadai. Wakainama kutazama viatu vyao.