Jiko la Mashine

Asubuhi dada yangu alipiga simu kutoka nyumbani Kolo, Kondoa. "Baba anakuulizia. Njoo leo." Nikamwomba ruhusa bosi wa kiwanda cha mafuta ya alizeti pale Ihumwa, nilikokuwa na mwezi mmoja tu. Akasema sawa, ila nitengeneze kwanza mashine ya kuchuja mafuta.

Mashine ile huzunguka kwa kasi sana, na kila ikipunguza mwendo ilikuwa inazima yenyewe. Invata, kile kifaa cha umeme kinachoongoza kasi ya mota, iliandika kosa lilelile: volteji imezidi. Nikaongeza muda wa mashine kupunguza mwendo mpaka isimame, haikusaidia. Nikawalaumu watu wa umeme, nikapima laini, kumbe haina neno.

Saa mbili asubuhi, mama anayeendesha mashine alinijia na kopo lake la uji.

"Fundi, jiko halipashi tangu jana."

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile akili ilikuwa Kolo. Nikamjibu, "Mama, mimi ni fundi umeme, si fundi wa majiko." Akaondoka na uji wake wa baridi.

Saa sita na nusu ndipo nilipopanda juu ya kabati la umeme. Kulikuwa na rezista ya breki, lile sanduku la chuma linalounguza umeme ambao mota huurudisha ikipunguza mwendo. Juu yake palikuwa na alama za duara, nyingi, za makopo ya uji. Ndilo jiko lao. Nililigusa, nikalikuta baridi kabisa. Waya wa ndani ulikuwa umekatika. Stoo walikuwa na jingine, nikafunga kwa nusu saa, mashine ikasimama vizuri, nami nikakimbilia basi la Kondoa.

Nilifika saa kumi jioni. Wanaume walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi. Dada alinishika mkono, akaniambia, "Alikuulizia mpaka saa nane." Nililia mbele ya watu wote, wala sikujali.

Niliporudi kazini, yule mama alinipa pole, akanimiminia uji kwenye kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Sasa linapasha vizuri."

Uji ulikuwa wa moto, nikaumaliza nimesimama. Sijamwambia mpaka leo kwamba kama ningemsikiliza saa mbili ile, ningemkuta baba hai.