Unga wa siku mbili

Wiki hii nilikuwa sokoni Kasongo nauza unga wangu wa muhogo, akapita binti wa jirani, amerudi likizo kutoka iniversite. Nikamuuliza mbele ya wateja anasoma nini kule.

«Biokemia ya molekuli, Bibi.»

«Hiyo iko kazi gani? Hapa kwetu atakuajiri nani, samaki wa mto Lualaba?»

Wateja wakacheka. Mimi nikacheka kuwapita.

Akaomba kijiko cha unga. Akakitia ndani ya kichupa na maji kidogo, akaning'iniza karatasi ya njano ya kupimia juu yake, akafunga, akaenda. Kesho yake asubuhi akarudi. Karatasi imekuwa nyekundu kama tofali. Akawapa wateja mgongo wasione, akaniuliza polepole:

«Bibi, muhogo huu uliuloweka siku ngapi?»

«Siku ine, kama inavyotakiwa,» nikasema. Zilikuwa mbili. Wachuuzi wanaopeleka unga kwenye machimbo ya Salamabila walikuwa na haraka, na mimi pia.

«Sumu iko bado ndani. Mutoto akikula hii kila siku, miguu yake inakufa.»

Hakupaza sauti. Angepaza, ningemtukana, ningepona. Nikafunga gunia, nikawadanganya wateja kwamba kichwa kinauma, nikapita nyumba kwa nyumba kuomba nirudishiwe unga wa jana. Nyumba ya tatu bugali ulikuwa umekwisha, mutoto analamba vidole. Akanisalimia vizuri.

Yule binti bado hana kazi. Mimi yangu ninayo tangu ujana, na mumeona ninavyoifanya.