Sababu za Vita vya Wazungu

Nikisikia harufu ya viazi vya kuchoma napandwa na hasira. Nilikuwa jikoni kwa nyanya yangu, tuliyemwita cucu, kijijini Dundori, nikikariri sababu za vita vikuu vya kwanza. Baba yake alichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya vita hivyo, hakurudi, hata kaburi hatuna.

"Mataifa makubwa yaligombania makoloni," nilisoma.

"Makoloni ni nini?"

"Ni mashamba ya watu, cucu. Kama haya yetu."

Aliacha kugeuza viazi. "Kwa hivyo wezi walipigania shamba la baba, na baba ndiye akawabebea risasi?"

"Mwalimu hakusema hivyo."

"Mwalimu wako ni mjinga. Lete hilo daftari."

Alilitupa motoni. Kesho yake nilichapwa viboko sita kwa kukosa daftari, na sikumtaja cucu.