Nilivyobadilisha Ng'ombe Saba kwa Mashua ya Bati

Mwaka 1991, nikiwa na miaka hamsini, kiangazi kilinimalizia ng'ombe. Mimi, mwenye zizi, nikawa mtu wa kuvusha watu mto Tana kwa mtumbwi hapa Masalani. Shule nilikaa miezi mitatu tu, lakini kwa kasia la mtumbwi huo nilipata tena ng'ombe saba. Halafu mafuriko ya 1997 yakachukua mtumbwi. Maji yalipopungua nikasikia kwamba Garissa kuna watu wa misaada wanauza mashua zao za bati kama la sufuria, zenye injini. Nikatoa ng'ombe wote saba zizini.

Mke wangu Halima akasimama langoni. "Baba Hassan, na ikizama?"

"Nitazama nayo."

"Wewe zama. Watoto nitawanywesha nini, petroli?"

Nikawaswaga ng'ombe kuelekea Garissa.

Siku ya tisa nilifika Garissa, nikauza ng'ombe asubuhi, na baada ya swala ya adhuhuri nikawa uani kwa muuzaji. Mashua zilikuwa tatu, zimefunikwa kifudifudi. Ile yenye rangi mpya niliiacha palepale. Nimeona watu wakipaka ng'ombe mafuta siku ya mnada kuficha upele. Zile mbili nikaagiza zigeuzwe, ziwekwe juu ya mawe, zijazwe maji.

Muuzaji akacheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, maji ya mashua hukaa nje!"

"Panapotoka ndipo yatakapoingia. Jaza."

Wallahi, nilishtuka. Ya kwanza, nzima kabisa kwa macho, ilivuja kwenye ribiti zote za chini, ile misumari inayoshikanisha mabati, kama chujio la chai. Ya pili ilidondosha sehemu mbili tu. Nikatia alama ya mkaa, nikaichukua.

Karibu na daraja nikampata fundi Komora, Mpokomo. Aligonga zile ribiti mbili zikakaza, akang'oa ubao wa nyuma uliooza, akaweka mpya, akafunga injini kwa bolti zinazopenya upande wa pili. Kisha akaniambia, "Mzee, mashua ni fupi na injini nzito. Mizigo weka mbele."

"Nilipakia ngamia kabla hujazaliwa," nikamjibu.

Lori lilitufikisha Masalani, mashua na mimi, siku ya pili yake. Kesho yake nilipakia abiria wa kwanza kama desturi yetu: wanaume watatu mbele, wanawake wanne nyuma na vibuyu vyao vya maziwa, nami kwenye injini. Watu ukingoni walipiga vigelegele. Nilijiona mkubwa.

Katikati ya mto maji yakapanda ubao wa nyuma. Hayakutoboa popote, yalipita juu tu, kimya, yakanifika vifundoni. Injini ikakohoa, ikafa. Nilikaa nimeshika usukani mdomo wazi. Ng'ombe saba, jasho la miaka yote ile, walikuwa wanazama chini ya miguu yangu.

Aliyepata sauti ni Dahabo, muuza maziwa. "Warya, nyinyi wa mbele! Tupisheni!"

Mmoja akasema, "Abaayo, dada yangu, mwanamke hamtangulii mwanamume."

"Basi tangulia wewe ahera!"

Akatambaa mbele na wenzake watatu, wanaume wakasogea katikati, na nyuma ikainuka kama ngamia anayesimama. Wanawake wakamwaga maziwa yao mtoni, wakatumia vibuyu kuchota maji. Nimeishi na mifugo maisha yangu yote, sijawahi kuona maziwa yakimwagwa hivyo. Tulipiga kasia la akiba mpaka ng'ambo.

Maziwa nililipa. Na tangu siku hiyo kwangu wanawake hukaa mbele. Wanaume wawili walinisusa, wakazunguka mbali kutafuta mtumbwi; mwezi haukuisha, wakarudi. Nilichojifunza ni hiki: kuchagua mashua nilijua, kuipakia sikujua, na fundi aliniambia nikaziba masikio.

Leo nina injini moja na pangaboi lake la akiba, ng'ombe wanne, mbuzi kumi na sita, nyumba ya mabati ya vyumba viwili, redio, na mashua yenye mbao mbili za kukalia. Ubao wa mbele si wa wanaume.