Shemeji Aliyenichagulia Gari

Leo nimebebwa na gari niliyokatazwa kununua.

Shemeji yangu Otieno ndiye aliyenishawishi nichukue ya umeme tupu. Nikamuuliza, na ile yenye injini ndogo ya petroli ya kuchaji betri?

"Hiyo ni ya waoga, shem."

Haya. Hapa mtaani Umoja stima imepotea tangu jana. Waya yangu ya kuchaji inaning'inia kutoka orofa ya tatu kama kamba ya nguo, betri imeisha, na Mama anatakiwa kliniki leo.

Nikampigia Otieno. Akaja na gari mpya.

Ya waoga.

"Si unajua stima ya hapa, shem."

Msicheke bado. Mama kaketi mbele, anapapasa dashibodi.

"Otieno anajua gari. Wewe si ungemuuliza kwanza?"